Pedali ya breki bado inazama baada ya kutoa upepo mara mbili: tatizo liko wapi?

*Habari fundi. Nina pikapu ya zamani, umri wake umepita miaka 25. Mbele ina diski, nyuma dramu, na haina ABS. Kwa muda sasa pedali ya breki imekuwa laini. Nikikanyaga mara ya kwanza inazama hadi karibu na sakafu ndipo gari lianze kushika. Nikipampu mara mbili tatu inapanda na kuwa ngumu kama zamani. Nimebadilisha pedi za mbele, fundi ametoa upepo mara mbili gari likiwa juu ya jeki, hali ni ile ile. Mafuta ya breki hayapungui kwenye kikopo. Fundi mmoja anasema masta silinda imekufa, mwingine anasema ni busta. Handbreki nayo siku hizi naivuta mpaka juu kabisa, ila hiyo nitaishughulikia baadaye. Ninunue kipi kwanza? Na je, naweza kuendelea kulitumia gari huku natafuta pesa?*

Usinunue chochote kwanza. Katika maelezo yako yote, maneno yaliyonishtua ni yale uliyoyatupa mwishoni kana kwamba yanahusu gari jingine: handbreki unaivuta mpaka juu kabisa. Hilo na pedali inayozama huenda ni ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe hauko kwenye masta silinda wala kwenye busta. Uko nyuma, ndani ya dramu, mahali ambapo kwa jinsi ulivyoeleza hakuna aliyefungua mpaka sasa. Gari lako sijaligusa, kwa hiyo sikuapii. Lakini vipo vipimo visivyo na gharama vitakavyokuonyesha kama nimepatia au nimekosea kabla hujatoa hata senti.

Ila swali lako la mwisho nalijibu mapema. Hapana, usiliendeshe. Najua watu wengi huzoea kupampu mpaka wanaona ni tabia ya gari tu, kama vile mlango usiofunga vizuri. Tatizo ni kwamba kupampu kunataka muda, na siku unayohitaji breki kwa dharura muda ndio huna. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Sekunde moja ya kukanyaga na kuachia ili pedali ipande, umeshapita mita 22 bila breki, na hapo hata hujaanza kusimama.

Sasa tuje kwenye busta, tuiondoe njiani. Busta ikifa, pedali huwa ngumu. Inabidi ukanyage kwa nguvu za mguu mzima na gari bado linasita kusimama. Kazi yake ni kukusaidia kusukuma kwa kutumia ombwe linalotoka kwenye injini, kwa hiyo ikiacha kazi unabaki unasukuma peke yako. Anayekuambia pedali laini ni busta amepindua mambo. Kipimo chake ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ibane hivyo hivyo, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu wako, busta ni nzima. Kushuka huko kunawatisha wengi, wakadhani ndiyo kasoro, kumbe ndiyo dalili ya uzima.

Na pedi za mbele? Hukupoteza pesa kama kweli zilikuwa zimekwisha, ila pedi zilizokwisha hazilegezi pedali. Kwenye breki ya diski, pistoni ya kalipa (kile kibano kinachobana pedi kwenye diski) husogea mbele kadiri pedi inavyolika na kubaki hapo hapo, hivyo nafasi kati ya pedi na diski haibadiliki. Kinachobadilika ni kimo cha mafuta kwenye kikopo, ambacho hushuka pole pole. Dramu haina bahati hiyo.

Ili uelewe kwa nini, fuata safari ya mafuta. Unapokanyaga, masta silinda inasukuma mafuta kidogo sana, kidogo kuliko watu wanavyodhani. Chukua mfano wa masta silinda yenye kipenyo cha milimita 22. Pistoni yake ikisogea sentimita 1, imesukuma mililita 3.8 tu, chini ya kijiko kimoja cha chai. Na kwa kuwa pedali ni wenzo, huo mwendo wa sentimita 1 mguuni kwako ni sentimita 4 hivi. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo kila tone linalosukumwa huku juu lazima lionekane kule chini kama pistoni ndogo inayosogea. Mfumo ukiwa mzima, mafuta hayo kidogo yanatosha, maana pedi za mbele na viatu vya breki vya nyuma (vile vinavyotanuka ndani ya dramu) viko karibu sana na diski na dramu vikisubiri.

Sasa viatu vya nyuma vikilika na virekebishaji vyake, yaani skrubu zinazovisogeza karibu na dramu kadiri vinavyolika, visifanye kazi, nafasi kati ya kiatu na dramu inakua. Tuseme silinda ndogo za magurudumu ya nyuma zina kipenyo cha milimita 20, na kila pistoni yake sasa inalazimika kusafiri milimita 2 zaidi ya kawaida kabla kiatu hakijagusa. Ziko pistoni 4, mbili kila gurudumu. Zidisha: unahitaji mililita 2.5 za ziada kwa ajili ya kuziba pengo tu, kabla ya breki yoyote kutokea. Mguuni hizo ni kama sentimita 2 na nusu za pedali iliyozama bure. Pengo likiwa kubwa zaidi, utafika sakafuni.

Na kupampu je, kwa nini kunasaidia? Springi zinazorudisha viatu hazirudishi papo hapo. Ukiachia pedali na kuikanyaga tena haraka, masta silinda inakuwa imeshavuta mafuta mapya kutoka kwenye kikopo wakati viatu bado viko njiani kurudi. Mkanyago wa pili unaanzia pale wa kwanza ulipoishia, na wa tatu vivyo hivyo, mpaka viatu vinagusa dramu na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Umeandika kwamba ikipanda inakuwa "ngumu kama zamani". Neno hilo ni ushahidi. Kama ungekuwa upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani ya mafuta, pedali ingepanda kidogo kwa kupampu, lakini ingebaki na ule mdundo wa kunesa chini ya mguu. Upepo hauondoki kwa kupampu, unabanwa tu.

Kipimo chenyewe ndicho hiki. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, magurudumu yamezuiwa kwa vigingi, vuta handbreki mpaka uhisi imeanza kubana, kisha kanyaga pedali mara moja bila kupampu. Handbreki husukuma viatu vile vile vya nyuma kwa waya, kwa hiyo ukiivuta unakuwa umeziba lile pengo kwa mkono. Pedali ikija juu na kuwa imara, jibu umelipata: ni viatu vya nyuma na virekebishaji vyake. Isipobadilika chochote, ugonjwa uko kwingine, na nitafika huko. Baadhi ya magari yana handbreki inayoshika shafti au yenye viatu vyake vya pekee. Kwa hayo kipimo hiki hakisemi kitu.

Tuseme pedali imekuja juu. Kosa utakaloshauriwa ufanye ni kukaza waya wa handbreki, kwa sababu ni rahisi na hakuhitaji kufungua gurudumu. Usikubali. Waya ukikazwa kabla viatu havijarekebishwa, unavishikilia nje kidogo muda wote, na ile mikono midogo inayozungusha kirekebishaji inakosa nafasi ya kufanya kazi. Handbreki itaonekana imepona, na kwa muda hata pedali itapanda, huku viatu vikiendelea kulika bila kirekebishaji kuvifuata. Unalegeza waya kwanza, unarekebisha viatu ndani ya dramu, na waya unaukaza mwisho kabisa.

Dramu ikifunguliwa, mwambie fundi akuonyeshe vitu kwa macho yako. Asipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Bitana, yaani tabaka la kiatu linalosugua dramu, za zamani zilitengenezwa kwa asbesto na vumbi lake ni sumu ya mapafu, kwa hiyo liloweshwe na lifutwe. Tazama unene wa bitana, kisha pitisha kidole ukingoni mwa dramu ndani. Ukikuta ngazi iliyosimama kama ukingo wa sahani, dramu nayo imelika, na kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa mara nyingi kimegongwa kwenye dramu yenyewe, kipimwe. Nyanyua mpira wa vumbi wa kila silinda ndogo kwa bisibisi bapa. Ndani panatakiwa pakavu. Pakiwa na mafuta, hata tone, silinda hiyo imeanza kuvuja, na bitana zilizolowa mafuta ya breki hazifai kusafishwa, zinabadilishwa pande zote mbili.

Halafu kuna kirekebishaji chenyewe, ile skrubu yenye gurudumu la meno kama nyota. Kwenye gari la umri huo mara nyingi imegandamana kwa kutu. Inatolewa, inasafishwa hadi izunguke kwa vidole, inapakwa grisi kidogo ya joto kali kwenye meno ya skrubu na kwenye sehemu ambazo viatu vinasugua bamba la nyuma. Kidogo, maana grisi ikifika kwenye bitana umeharibu kazi. Na hapa kuna mtego ambao umewalaza mafundi wengi: skrubu ya kushoto na ya kulia zina mikato inayopingana, moja hukazwa kulia na nyingine kushoto. Mtu akizibadilishana, kila breki ikishika kirekebishaji kinajifupisha badala ya kurefuka. Gari linatoka gereji na pedali nzuri, wiki kadhaa baadaye inazama tena, na kila mtu anaanza kuishuku masta silinda. Kama gari lako liliwahi kuwekwa viatu vipya vya nyuma na tatizo likaanza muda mfupi baadaye, hapo ndipo ningeangalia kwanza.

Marekebisho yakikamilika, dramu inarudishwa, nyota inazungushwa mpaka gurudumu likatae kuzunguka kwa mkono, kisha inarudishwa nyuma meno machache mpaka gurudumu lizunguke huru likitoa mkwaruzo mwepesi. Pedali inakanyagwa ili viatu vikae katikati, mkwaruzo unaangaliwa tena. Kushoto na kulia vilingane, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Sasa tuseme kipimo cha handbreki hakikubadilisha kitu. Tunarudi kwenye upepo, na hapa nataka kumtetea fundi wako kidogo. Kutoa upepo mara mbili bila mafanikio si lazima kuwa uzembe. Umesema gari lilikuwa juu ya jeki. Pikapu nyingi zina vali ya mzigo juu ya ekseli ya nyuma, yenye mkono unaounganisha ekseli na fremu. Gari likiwa tupu fremu iko juu na vali inapunguza nguvu ya breki za nyuma zisifunge. Likibeba mzigo fremu inashuka na vali inafunguka. Ukiinyanyua pikapu kwa fremu, ekseli inaning'inia, na vali inaamini gari ni tupu kuliko tupu. Mafuta yanapita kwa shida kwenda nyuma, na upepo unabaki ulipo. Tiba ni kuweka stendi chini ya ekseli yenyewe ili ibebe uzito wa gari, ndipo utoe upepo. Vali nyingine zina nipeli yake pia (skrubu ndogo inayofunguliwa kutoa upepo), na mara nyingi hakuna anayekumbuka kuifungua.

Kama kalipa za mbele zimewahi kutolewa, angalia nipeli iko wapi. Lazima iwe juu ya kalipa. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, nipeli inaangalia chini, na povu linakaa juu kwa raha zake hata utoe upepo mpaka usiku. Jambo jingine ni mpangilio. Kwenye gari ambalo breki za mbele na za nyuma zina njia tofauti, huanziwa gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda na kumaliziwa lililo karibu. Magari yenye njia za kukingamana, yaani gurudumu la mbele la upande mmoja na la nyuma la upande wa pili, yana mpangilio wake, kitabu cha gari ndicho cha kufuata.

Unaweza kujua kama upepo bado upo bila kufungua nipeli yoyote. Fungua kifuniko cha kikopo cha mafuta, kifunike kwa karatasi ya plastiki angavu, vaa miwani. Mtu apampu pedali haraka mara 15 au 20, aibane, kisha aiachie ghafla. Mafuta yakitikisika kidogo ni kawaida. Yakiruka kama chemchemi, kuna upepo uliobanwa ndani unaoyarudisha kwa nguvu. Na kumbuka hesabu ya juu: povu la mililita 3.8 tu linatosha kumeza karibu sentimita 4 za mwendo wa mguu wako, kwa sababu chini ya shinikizo la breki linabanwa hadi kuwa karibu si kitu.

Masta silinda inapimwa kwa subira. Injini imezimwa, kanyaga mara kadhaa umalize ombwe la busta, kisha bana pedali kwa nguvu ya wastani na uhesabu dakika moja. Ikizama pole pole chini ya mguu usiotikisika, na hakuna mvujo popote, mafuta yanapita pembeni ya raba za ndani na kurudi kikoponi. Ndiyo maana kikopo hakipungui. Rudia kipimo kwa mguu mwepesi sana, kwa sababu raba iliyochoka huweza kuziba vizuri ikisukumwa kwa nguvu na kupitisha ikisukumwa taratibu. Hicho ndicho kinachotokea kwa mtu anayeona pedali ikishuka chini ya mguu huku akisubiri taa za barabarani, lakini akikanyaga kwa nguvu inashika.

Niongeze onyo moja, kwa sababu kazi ya kutoa upepo yenyewe huweza kuiua masta silinda ya zamani. Kwa miaka yote hiyo pistoni imekuwa ikisafiri sehemu ya juu tu ya silinda. Sehemu ya chini haijaguswa, imejaa kutu na uchafu. Msaidizi akikanyaga pedali mpaka sakafuni wakati nipeli iko wazi, raba laini zinapita juu ya kutu hiyo na kukatika. Kipande cha mbao chini ya pedali kinazuia hilo. Kwa hiyo kama pedali yako ilizidi kuwa mbaya baada ya kutolewa upepo, yule fundi anayeilaumu masta silinda huenda sasa amekuwa na haki, hata kama mwanzo hakuwa nayo.

Mipira ya breki, yaani mabomba ya raba yanayopeleka mafuta kwenye magurudumu, inahitaji macho tu. Mtu akanyage kwa nguvu, wewe tazama kila mpira kwenye gurudumu. Ukivimba, au ukiwa na nyufa zinazofunguka ukiukunja, ubadilishwe pamoja na mwenzake wa upande wa pili. Usibane mipira ya zamani kwa koleo ili kupima. Utaipasua kwa ndani.

Na mafuta yenyewe? Mafuta ya kawaida ya breki hunywa unyevu kutoka hewani. DOT 4 (DOT ni daraja la mafuta ya breki) mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanywa maji kiwango chake kinashuka hadi 155. Ukishuka mteremko mrefu umekanyaga breki, maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea kama upepo. Dalili yake ni pedali iliyo nzuri asubuhi, inayotoweka breki zikipata moto, na kurudi zikipoa. Wewe hukusema hivyo, kwa hiyo sidhani ndilo tatizo, ila kama hujui yalibadilishwa lini, yabadilishwe yote kazi hii ikiendelea. Miaka 2 ni muda unaofaa. Yatoke kwenye chupa mpya, ya DOT iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini au ya pawa stelingi usiitie hata tone. Raba zote za mfumo zitavimba, na hapo utabadilisha kila kitu.

Kupima kwa mguu, kutazama mipira, kukagua kikopo, hayo fanya mwenyewe. Kufungua dramu na nipeli mwachie fundi isipokuwa umeshafanya kazi hiyo ukiwa na mtu anayeijua. Livute gari mpaka gereji, usiliendeshe, hasa kama pedali inafika sakafuni kabisa, taa ya breki inawaka, kuna unyevu ndani ya gurudumu, au nyuma ya masta silinda inapokutana na busta pameloa. Mvujo wa hapo huingia ndani ya busta, hauonekani chini ya gari.

Ukifika gereji, usiwaambie "breki ni laini". Waambie hivi: pedali inazama mara ya kwanza, inapanda na kuwa ngumu nikipampu, handbreki iko juu, na nilipoivuta na kukanyaga pedali matokeo yalikuwa haya. Omba wafungue dramu zote mbili wewe ukiwepo, kabla mtu hajataja bei ya masta silinda. Kazi ikiisha, jaribio la kwanza ni gari likiwa limesimama, la pili uwanjani kwa mwendo wa mtu anayetembea, barabara ndiyo ya mwisho. Kesho yake asubuhi kanyaga pedali kabla ya kuwasha injini, na angalia kimo cha mafuta ulichokiwekea alama kwenye kikopo.